Asilimia Moja ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mgao wa Kipato

Maswali haya yanajirudia darasani, kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mara mtu anaposambaza ule mchoro maarufu: mstari wa mgao wa kipato unaowaendea matajiri wakubwa wa Marekani, unaoanzia juu mwaka 1913, unazama katikati ya karne, kisha unapanda tena. Mifano mingi hapa ni ya Marekani kwa kuwa kumbukumbu zake ni ndefu na ubishi juu yake ni mkali. Anayetafuta Kenya na Tanzania aruke hadi swali la 14.

## Mambo ya msingi

1. Hiyo "asilimia moja ya juu" ni akina nani?

Chukua watu wazima wote wa nchi, wapange kwa kipato cha mwaka mmoja kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha katika kila watu mia mtenge yule wa mwisho. Hao waliotengwa ndio asilimia moja ya juu. Mgao wao ni sehemu ya kipato chote cha nchi inayoingia mifukoni mwao. Watu mia wakipata jumla ya shilingi milioni 100 kwa mwezi, na mmoja wao akachukua milioni 20, mgao wa asilimia moja ya juu ni asilimia 20.

Mabilionea tunaowasikia redioni ni chembe tu ya kundi hili. Marekani mwaka 2021, ritani ya kodi (fomu ya kutangaza kipato) iliyoonyesha kipato cha zaidi ya dola 680,000 hivi ilikuwa tayari ndani. Humo utawakuta madaktari bingwa, mawakili na wenye kampuni za kuuza magari. Ndiyo maana wachumi hupenda kuligawa tena kundi hilo na kuitazama asilimia 0.1 au 0.01, maana huko ndiko mabadiliko huwa makubwa zaidi.

2. Mgao unahesabiwaje?

Ni kugawanya tu, ila namba ya juu na ya chini hutoka sehemu mbili tofauti. Ya juu, yaani kipato cha matajiri, hutoka kwenye majedwali ya mamlaka ya kodi: watu wangapi walitangaza kipato cha kiwango fulani na jumla yake ni kiasi gani. Ya chini, yaani kipato cha nchi nzima, hutoka kwenye hesabu za pato la taifa, kwa kuwa zamani wananchi wengi hawakuwa wakilipa kodi ya mapato na hivyo hawamo kwenye majedwali hayo.

Majedwali ya zamani yana mapengo. Yanataja "kuanzia kiasi hiki hadi kile" bila kueleza walio katikati wamejipangaje. Pengo hilo huzibwa kwa kanuni ya Vilfredo Pareto, Mtaliano ambaye miaka ya 1890 alitambua kwamba vipato vya juu hujipanga kwa mpangilio unaofanana kutoka nchi hadi nchi.

3. Kwa nini kutegemea kodi? Si wangewauliza watu tu?

Watu huulizwa, kupitia tafiti za kaya. Lakini mtafiti mwenye dodoso hupokelewa vizuri Tandale, mtaa wa watu wa kipato cha chini Dar es Salaam, kuliko Masaki, mtaa wa matajiri. Huko Masaki anakutana na mlinzi getini, bosi amesafiri. Hata sampuli ya kaya elfu kumi itakuwa na matajiri wakubwa wachache mno, na wanaokubali kujibu hawana sababu ya kutaja kila kitu. Karatasi za kodi nazo zina uongo wake (tazama swali la 18), ila angalau tajiri analazimika kuzijaza kila mwaka, na zinaturudisha nyuma miaka mia.

Hivyo mchoro wa aina hii kwa kawaida unaanza pale nchi ilipoanza kutoza kodi ya mapato, au kodi maalumu kwa matajiri. Japani ilianza 1887. Uingereza ilianzisha kodi ya ziada kwa matajiri mwaka 1909, Marekani ikafuata 1913 baada ya kurekebisha katiba, na Ufaransa ilipitisha sheria yake Julai 1914, wiki chache kabla ya vita.

4. Hii ina tofauti gani na kipimo cha Gini?

Gini, kilichobuniwa na Corrado Gini mwaka 1912, kinabana mgawanyo wote katika namba moja: 0 wote sawa, 1 mmoja kachukua vyote. Kinafaa, ila kinaficha mahali tofauti ilipo. Nchi mbili zinaweza kuwa na Gini moja, hii ikiwa na maskini waliodidimia sana, ile ikiwa na matajiri walioruka sana. Mgao wa juu unakuonyesha paa tu na hauelezi lolote kuhusu sakafu. Mimi hutazama vyote viwili, na nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa historia ndefu, ni mgao, maana Gini za kuaminika za kabla ya miaka ya 1940 ni chache mno.

5. Kipato na utajiri si kitu kimoja?

Hapana. Kipato ni maji yanayoingia, utajiri ni kilichomo kwenye pipa. Mshahara, kodi ya pango, gawio na riba ni kipato. Nyumba, shamba na hisa zenyewe ni utajiri. Utajiri hujikusanya kwa watu wachache zaidi kuliko kipato, kila nchi iliyowahi kupimwa. Ripoti ya Dunia ya Ukosefu wa Usawa ya 2022 ilikadiria kwamba asilimia 10 ya juu duniani hupata asilimia 52 ya kipato lakini humiliki asilimia 76 ya utajiri. Nusu ya chini ya binadamu wote hupata asilimia 8.5 ya kipato na kumiliki asilimia 2 ya utajiri. Anayechanganya namba hizi mbili anaweza kubishana usiku kucha na mtu ambaye kwa kweli wanakubaliana.

## Mstari wenyewe

6. Kwa ufupi, Marekani ilipitia nini?

Wachumi Thomas Piketty na Emmanuel Saez walichapisha mwaka 2003 mfululizo ulioanzia 1913. Ukijumuisha faida ya kuuza mali, asilimia moja ya juu ilikuwa na karibu asilimia 24 ya kipato mwaka 1928, mwaka mmoja kabla soko la hisa la New York halijaporomoka. Miaka ya 1970 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9 hivi. Mwaka 2007 ilikuwa imerudi juu ya 23, na mwaka uliofuata mabenki yakaanguka. Wengi huona vilele hivyo viwili na kuhitimisha kwamba ukosefu wa usawa ndio husababisha migogoro ya kifedha. Matukio mawili hayatoshi kuthibitisha hilo.

7. Nini kiliuangusha mstari kati ya 1914 na 1950?

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu jibu ni tofauti na walivyotarajia wachumi wengi. Usawa haukuja polepole pamoja na viwanda na shule. Ulikuja kwa kishindo, ndani ya miaka michache.

Ufaransa kabla ya 1914 ilikuwa nchi ya watu wanaoishi kwa mapato ya mali: wamiliki wa nyumba za kupangisha, wenye hati fungani za serikali, wenye hisa. Vita mbili zilibomoa majengo na viwanda. Mfumuko wa bei ukazigeuza hati fungani kuwa makaratasi. Kodi za pango zikadhibitiwa kwa sheria huku bei za vitu vingine zikipaa. Mali za nje zikapotea, Urusi ikiwemo, ambako Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka, walikataa kulipa madeni ya mfalme. Mgao wa asilimia moja ya juu ukatoka karibu asilimia 20 hadi 8 hivi mwaka 1945.

Marekani haikupigwa mabomu bara, lakini ilikuwa na mdororo wa miaka ya 1930 uliozikausha faida za makampuni, kisha vita. Mwaka 1942 serikali iliunda bodi ya kusimamia mishahara ili kuzuia mfumuko wa bei. Bodi hiyo ilikuwa rahisi kuidhinisha nyongeza kwa wa chini na ngumu kwa wa juu, na ndani ya miaka minne hivi mgao wa asilimia 10 ya juu ulishuka kutoka karibu 45 hadi karibu 33. Kiwango cha juu cha kodi kilifika asilimia 94 mwaka 1944. Rais Roosevelt alikuwa ameenda mbali zaidi: Aprili 1942 alipendekeza kwamba wakati wa vita Mmarekani yeyote asibaki na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kodi. Bunge likakataa.

Kinachonishangaza mimi ni kilichofuata. Vita vikaisha, bodi ikavunjwa, na mishahara ya wakubwa haikurudi ilikokuwa. Kwa takriban miaka thelathini mstari ulilala chini. Kodi ya juu ilikuwa bado asilimia 91 mwaka 1963, na karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa kwenye vyama vilivyokaa mezani na waajiri. Mkurugenzi aliyedai mshahara mnono zaidi alijua sehemu kubwa ya nyongeza ingeishia serikalini, basi kudai kulikuwa na faida gani?

8. Kwa nini ulipanda tena baada ya 1980?

Kodi ya juu Marekani ilitoka asilimia 70 mwaka 1981 hadi 28 mwaka 1988. Vyama vya wafanyakazi vilinyauka, leo mfanyakazi mmoja kati ya kumi ndiye mwanachama. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009 huku bei zikipanda. Sekta ya fedha ilivimba. Mkurugenzi wa kampuni kubwa, aliyekuwa akilipwa kama mara 20 ya mfanyakazi wa kawaida mwaka 1965, sasa analipwa mamia ya mara, sehemu kubwa ikiwa hisa.

Wapo wanaosema yote hayo ni moshi, moto ni teknolojia na utandawazi: kompyuta zinampa mwenye ujuzi nguvu zaidi, na bingwa wa leo anauza dunia nzima. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inakwama kwenye swali linalofuata.

9. Nchi nyingine nazo zilipanda hivyohivyo?

Zilishuka pamoja, zikapanda kila moja kivyake. Uingereza iliifuata Marekani: kodi ya juu kwenye mapato ya mali ilikuwa asilimia 98 miaka ya 1970, na kufikia 1988 kiwango cha juu kilikuwa 40. Ufaransa na Japani zilipanda kidogo sana. Wajapani wanatumia kompyuta zilezile na wanauza magari dunia nzima. Kama teknolojia ingekuwa sababu pekee, mistari ingefanana. Haifanani, na ndiyo sababu mimi naona sheria na sera zina uzito mkubwa kuliko watu wanavyopenda kukiri.

Upandaji mkali zaidi umetokea kwingine. Urusi, asilimia 10 ya juu ilitoka chini ya robo ya kipato hadi zaidi ya asilimia 45 kati ya 1991 na 1996, wakati mali za umma zikiuzwa kwa bei ya kutupa. India, asilimia moja ya juu ilikuwa na karibu asilimia 6 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na makadirio ya 2022/23 yanaiweka kwenye 22.6.

10. Tulifundishwa kwamba nchi ikiendelea, tofauti hupanda kisha hushuka zenyewe. Ni kweli?

Huyo ni mchumi Simon Kuznets, hotuba yake iliyochapishwa 1955. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumia majedwali ya kodi ya Marekani kwa njia hii, mwaka 1953, na aliona ile nusu ya mstari inayoshuka. Hakuwa na namna ya kuiona inayopanda. Tumtendee haki: mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ilikuwa labda asilimia 5 ushahidi na 95 kubahatisha. Waliomfuata wakaigeuza kanuni ya asili, na serikali nyingi za nchi changa zikaambiwa zivumilie tofauti kwanza, usawa utakuja. Kuhusu kilichoushusha mstari hasa, tazama swali la 7.

## Ubishi wa namba

11. Mmoja anasema mgao Marekani ni asilimia 20, mwingine anasema 14. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Wanahesabu vitu tofauti. Piketty, Saez na Gabriel Zucman mwaka 2018 waligawa pato lote la taifa, pamoja na sehemu isiyoonekana kwenye ritani, wakaona mgao wa asilimia moja ya juu kabla ya kodi ukitoka karibu 11 mwaka 1980 hadi karibu 20 mwaka 2014. Wachumi wengine, Gerald Auten na David Splinter, walitumia ritani zilezile, wakafanya maamuzi mengine, na wakaona kupanda kidogo tu. Baada ya kodi na misaada ya serikali, kwao mstari karibu umelala.

Ugomvi mkubwa ni juu ya kipato ambacho hakikutangazwa. Kimefichwa na nani? Ukisema wa juu, mgao wao unapanda. Ukikisambaza kwa wafanyabiashara wadogo pia, unashuka. Kisha kuna namna ya kuhesabu familia, pensheni, bima za afya na matumizi ya serikali kama shule. Mtu akikutajia namba, muulize maswali matatu: kabla au baada ya kodi, faida ya kuuza mali imo au haimo, na anayehesabiwa ni mtu au kaya?

12. Kwa nini mstari wa Marekani unaruka ghafla kati ya 1986 na 1988?

Sheria ya kodi ya 1986 ilifanya kiwango cha mtu binafsi kiwe chini ya kile cha makampuni. Wenye biashara wakabadilisha usajili ili faida ihesabiwe moja kwa moja kama kipato cha mwenye mali. Fedha ilikuwepo tangu awali, ila ilikuwa imejificha ndani ya kampuni na ritani haikuiona. Sehemu ya mruko ule ni ya makaratasi. Si yote, kwa kuwa mstari uliendelea kupanda miaka ya 1990, wakati vumbi hilo lilikuwa limeshatulia.

13. Mgao ukishuka mwaka mmoja, ina maana usawa umeongezeka?

Usikimbilie huko. Kwa hesabu za ritani, asilimia moja ya juu Marekani ilikuwa na kama asilimia 26 ya kipato mwaka 2021 na kama 22 mwaka 2022. Mwaka wa kwanza bei za hisa zilipaa na watu wakauza, mwaka wa pili zikashuka. Mwaka 2012 kulikuwa na mruko kwa sababu nyingine: matajiri walijua kodi ingepanda Januari 2013, wakawahisha gawio na mauzo. Mwelekeo usomwe kwa miaka kumi au zaidi.

## Kwetu Afrika Mashariki

14. Je, kuna mstari wa namna hii kwa Kenya na Tanzania?

Upo wa vipande. Anthony Atkinson, mchumi Mwingereza aliyefanya kazi hii maisha yake yote hadi alipofariki Januari 2017, aliyafukua majedwali ya kodi ya wakoloni wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Shida ni kwamba majedwali yenyewe ni kioo cha ukoloni. Kenya, walowezi waliipinga kodi ya mapato ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi ikafutwa, na haikurudi mpaka 1937. Muda wote huo Mwafrika alikuwa akilipa kodi ya kibanda na ya kichwa, iwe ana kipato au hana. Wanaoonekana juu kwenye majedwali ni Wazungu na Wahindi karibu wote. Waafrika wanaingia kwenye hesabu kupitia namba ya chini ya kugawanyia tu.

Baada ya uhuru, uchapishaji wa majedwali hayo ulikuja kukatika. Mchoro wa leo unaokuonyesha Tanzania kwa mstari laini kila mwaka umejengwa kwa makadirio mengi kati ya tafiti chache. Usomwe hivyo.

15. Azimio la Arusha lilipunguza pengo?

Lilibana waziwazi kipato cha juu cha aina moja: cha viongozi. Miongozo yake ya 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye kampuni, au nyumba ya kupangisha. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere alikata mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti. Lakini mshahara uliobanwa si kipimo cha maisha yote: palipo na uhaba, anayepata gari la ofisi na sukari dukani anapata kitu ambacho hakuna ritani itakayokiandika.

16. Gini ya Tanzania ni kama 0.40 na ya Marekani kama 0.41. Basi tuko sawa na wao?

Swali hili limenichosha, lakini ni halali. Namba ya Tanzania inapima matumizi ya kaya, ya Marekani inapima kipato. Matumizi kwa kawaida hutofautiana kidogo kuliko kipato, kwa kuwa tajiri hatumii kila anachopata na maskini anakopa ili ale. Kuziweka safu moja ni kulinganisha debe na kilo. Na wa juu wanaokosekana kwenye tafiti (swali la 3) wanaishusha zaidi namba yetu.

17. Kenya imepandisha PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya juu hadi asilimia 35. Mgao utashuka?

Tangu sheria ya fedha ya 2023, anayelipwa zaidi ya shilingi 500,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 32.5 juu ya kiasi hicho, na 35 juu ya 800,000. Tanzania imebaki na 30, na kiwango hicho kinaanza baada ya milioni moja ya Kitanzania. Mgao wa kabla ya kodi hauguswi moja kwa moja na makato. Wa baada ya kodi utaguswa kidogo, kwa sababu PAYE humkamata mwenye mshahara, ilhali kipato kikubwa kwetu hutoka kwenye majumba, ardhi na biashara.

## Maswali ya pembeni

18. Fedha zilizofichwa ng'ambo zinahesabiwa?

Kwa shida. Utafiti wa Skandinavia uliotumia nyaraka za benki zilizovuja ulikadiria kwamba kaya tajiri zaidi kabisa, moja kati ya elfu kumi, zilikwepa karibu robo ya kodi yao, na hizo ni nchi zinazosifiwa kwa utiifu wa kodi. Kwa hiyo mgao wa juu kabisa mara nyingi unakadiriwa chini ya hali halisi.

19. Mgao wa juu ukipanda, maskini wanazidi kuwa maskini?

Si lazima. China, asilimia 10 ya juu ilitoka 27 mwaka 1978 hadi 41 mwaka 2015, na katika miaka hiyohiyo mamia ya mamilioni walitoka kwenye umaskini. Marekani ilikuwa kinyume: kwa hesabu za Piketty na wenzake, mtu mzima wa nusu ya chini alipata wastani wa dola 16,000 hivi kabla ya kodi mwaka 1980, na mwaka 2014 namba ilikuwa ileile baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

20. Hao walio juu ni walewale kila mwaka?

Ngazi ni ileile, wanaokanyaga hubadilika. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilifuatilia ritani 400 zenye kipato kikubwa zaidi kila mwaka kuanzia 1992 hadi 2014: zaidi ya theluthi mbili ya waliowahi kuingia walionekana mara moja tu, kwa mfano mwaka waliouza kampuni. Kutoka humo hakumaanishi kurudi kuwa mtu wa kawaida. Unaweza kushuka kutoka wa 300 hadi wa 3,000 na bado ukawa tajiri.